Kumbukumbu ya seva na wasomaji wa mbali

Msikilizaji, makala yetu ya leo inaanzia Jalan Bani Bu Ali, mji wa mashariki ya Oman ulio ukingoni mwa jangwa la mchanga, wenye msikiti wa kale wa Al Hamoda na kuba zake 52. Humo, kama ilivyo Sur na Ibra, wamo wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja na Pemba, ambako walizaliwa au waliishi kabla ya mapinduzi ya mwaka 1964.

Katikati ya miaka ya 2000, nikiwa kijana katika kazi hii ya utangazaji na niko mbali na kwetu, nilisaidia kuendesha tovuti ndogo ya habari za Afrika Mashariki. Msomaji mmoja wa Jalan alituandikia mara kwa mara: ukurasa hufunguka nusu, kisha husimama. Nasi tulimjibu kwa adabu kwamba simu yake ni dhaifu. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa sehemu tu. Tatizo kubwa lilikuwa kwenye seva yetu, na kulielewa yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Programu ya Apache ilianza mwaka 1995, na mwaka uliofuata ilikuwa tayari imezipita nyingine zote katika kuhudumia tovuti duniani. Utaratibu wake wa asili ni mwepesi kueleza: kila mgeni anayebisha hodi hupewa mtumishi wake peke yake, naye hamwachi mpaka amalize haja zake. Kila mtumishi anakalia sehemu yake ya kumbukumbu ya seva. Tovuti zilipokuwa kurasa tupu zisizobadilika, mzigo huo ulikuwa mdogo. Lakini lugha ya PHP ilipopachikwa ndani ya Apache, kila mtumishi alilazimika kubeba karakana nzima mgongoni, hata pale alipoombwa picha moja tu ya kichwa cha habari.

Tufanye hesabu. Tuseme kila mtumishi anakula megabaiti 25, na seva ina megabaiti 512. Sehemu fulani hutumiwa kwa pamoja, hiyo ni kweli, lakini kwa makadirio watumishi 20 wanatosha kuijaza. Mgeni wa 21 akiruhusiwa kuingia, seva huanza kuhamishia mambo yake kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno, na hapo wote wanakwama pamoja.

Sasa mwangalie msomaji wa Jalan. Ukurasa wa kilobaiti 100, kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, huchukua sekunde 14 au zaidi. Baada ya hapo Apache ya siku hizo, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilisubiri sekunde 15 nyingine, labda mgeni ataomba kitu kingine. Kwa hiyo msomaji mmoja wa mbali aliweza kumshika mtumishi kwa karibu nusu dakika, wakati msomaji wa London alimaliza haja zake kwa sekunde moja. Wasomaji wetu karibu wote walikuwa wa aina ya kwanza. Afrika Mashariki yenyewe ilitegemea setilaiti, ambako swali na jibu huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi.

Dawa iliyopendekezwa na wengi ilikuwa kupunguza idadi ya watumishi na kufupisha kusubiri. Dawa hiyo ilifanya kazi, nami sikuipenda. Seva ilipona, lakini aliyelipia gharama ni yule wa mbali: kila picha ilimlazimu abishe hodi upya, kwa laini ile ile ya kusuasua.

Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, alikwisha kuuliza swali lililobaki maarufu: vipi mashine moja ihudumie wageni 10,000 kwa wakati mmoja? Jibu lililoenea lilitoka Urusi. Igor Sysoev, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Rambler, alianza kuandika nginx mwaka 2002 na kuitoa kwa umma Oktoba 2004.

Watu wa Sharqiyah wangeielewa nginx upesi kuliko sisi, kwa sababu wana falaj. Maji ya mfereji mmoja hugawiwa kwa zamu. Hakuna anayechimbiwa mfereji wake akauziba mpaka mtende wake wa mwisho unywe. Nginx nayo ina watumishi wachache sana, na kila mmoja anawaangalia maelfu ya wageni, akimgusa yule tu aliye tayari kupokea. Mgeni anayesubiri hugharimu kilobaiti chache. PHP hukaa nyuma, pembeni, na wasaidizi wake wachache. Humkabidhi nginx ukurasa uliokamilika, kisha huwa huru papo hapo. Nginx ndiyo inayobaki kumtiririshia msomaji wa polepole, hata akichukua dakika nzima. Apache yenyewe ilifuata njia ya namna hiyo, na utaratibu wake mpya ulihesabiwa kuwa imara katika toleo la 2.4 la mwaka 2012.

Sisi tulihama mwaka 2009. Mwaka huo huo, mwezi Juni, kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa, na Julai SEACOM ikafungua huduma zake. Kebo ya TEAMS haina njia ila kuizunguka Ras al Hadd na kuipita pwani ya Jalan, njia ya majahazi ya Sur. Wenzangu walisema tumechelewa, kwamba kebo zitamaliza tatizo lenyewe. Hazikulimaliza, simu za mkononi zenye mtandao hafifu zilileta wageni wengine wa polepole, wengi kuliko wa kwanza.

Seva yetu ilibaki ile ile, ya megabaiti 512. Msomaji wetu wa Jalan aliandika tena miezi michache baadaye. Safari hii alitaka tusahihishe jina la kijiji cha Pemba tulilolikosea katika aya ya mwisho ya habari, aya ambayo zamani isingemfikia.