Kesi ya mbegu: kutoka Delft hadi Bombo

Wadau, mnisamehe kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani Bombo, milima ya Upare wilayani Same, nimeitwa kwenye kikao cha ukoo. Mnaojua utani wa Wapare mnajua tunavyosemwa: eti Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kuendesha kesi ya kuku. Safari hii kesi haikuwa ya kuku wala ya mpaka wa shamba. Ilikuwa ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana miaka sita ya ndoa bila mtoto. Mshtakiwa alikuwa shemeji. Amekwisha kunywa dawa za mizizi, amekwisha kuombewa, na mfukoni ana vyeti vya vipimo vya hospitali mbili. Kaka hana hata kimoja. Nilipouliza kwa heshima zote kama naye amepimwa, mzee mmoja akacheka: "Huyu? Ndevu hizo, sauti hiyo, kazi za shamba anazifanya, kasoro itoke wapi?" Mimi ni mdogo pale kikaoni, nikafyata. Lakini wote tuliokaa pale tunajua kwamba baba mdogo alimrudisha mkewe wa kwanza kwao kwa kosa hilo hilo, na mama yule akaolewa Ndungu, akazaa wanne. Ushahidi wa namna hiyo hakuna aliyeutaja.

Nimerudi Dar nikiwa na hasira, nikaanza kusoma. Jibu la yule mzee lina umri mrefu kuliko nilivyodhani, na Ulaya walibishana juu yake karibu miaka mia mbili.

Tuanzie mji mdogo wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1668 daktari kijana Regnier de Graaf alichapisha kitabu juu ya viungo vya uzazi vya mwanamume, akaonyesha kuwa korodani si donge la nyama bali ni furushi la vijirija vyembamba vilivyojikunja. Leo tunajua kuwa ukivinyoosha vya korodani moja unapata mamia ya mita. Miaka mitano baadaye de Graaf akafa, ana miaka 32 tu. Kabla hajafa aliandika barua London kwenye Royal Society kumtambulisha jirani yake mmoja, muuza vitambaa aliyekuwa akijitengenezea lenzi nyumbani. Jirani huyo ni Antoni van Leeuwenhoek.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1677 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johan Ham alimletea Leeuwenhoek usaha wa mgonjwa wa kisonono, akamwambia ameona humo vidudu vyenye mikia. Leeuwenhoek akatazama, kisha akaamua kutazama cha mtu mzima wa afya, yaani chake mwenyewe. Novemba mwaka huo aliiandikia Royal Society barua ya aibu tupu. Akaeleza kuwa hakujichafua kwa dhambi, alichukua masalio ya tendo halali la ndoa, na akaomba kama wakubwa wataona inakera, barua isichapishwe. Wao wakaichapisha, kwa Kilatini. Alichoona ni viumbe vya kichwa na mkia, vinaogelea, vidogo kiasi kwamba milioni moja havifikii punje kubwa ya mchanga.

(Nikikumbuka tulivyocheka darasani kidato cha tatu mwalimu wa Biolojia alipofika mada ile, namwonea huruma yule mzee wa Delft.)

Kuona ni jambo moja, kuelewa ni jingine. Baada ya hapo wakagawanyika. Wengine walisema mtu mzima yumo tayari kwenye yai la mama, anasubiri kukua tu. Wengine walisema yumo kwenye kile kidudu cha baba. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichora mtu mdogo amejikunyata ndani ya kichwa cha mbegu. Hakudai kwamba amemwona, alisema pengine ndivyo angeonekana, lakini picha ilishika. Mama akawa shamba, baba ndiye mwenye kila kitu. Mmeisikia lugha hiyo mahali? Mimi nimeisikia kikaoni.

Padre wa Kiitalia, Lazzaro Spallanzani, karne ya 18, aliwavalisha vyura madume suruali za kitambaa. Si utani. Mayai ya majike yakakosa kuwa viluwiluwi mpaka alipoyapaka kile kilichobaki kwenye suruali. Alikuwa na jibu mkononi, lakini bado aliamini vile vyenye mikia ni vimelea tu. Hata Karl Ernst von Baer, aliyevipa jina la kisayansi vinalotumia mpaka leo mwaka 1827, naye aliviona ni vimelea. Ni Albert von Kölliker, mwaka 1841, aliyeonyesha kuwa vinatokana na seli za korodani yenyewe, na mwaka 1876 Oscar Hertwig akaona kwa macho yake, ndani ya yai la urchini wa baharini, kiini cha baba kikiungana na kiini cha mama. Kila upande umeleta chake.

Sasa nifike kwenye ndevu za kaka.

Mwaka 1849 huko Göttingen, Arnold Berthold alichukua majogoo sita (tumerudi kwenye kuku!) akawatoa korodani. Waliobaki hivyo upanga wa kichwani ulisinyaa, hawakuwika kijogoo wala kupigana. Lakini waliorudishiwa korodani moja na kupandikizwa tumboni walibaki majogoo kamili. Kumbe kuna kitu kinachoingia kwenye damu. Mwaka 1850 Franz Leydig akaeleza seli zilizokaa katikati ya vile vijirija, nje yake. Ilibidi ifike 1903 ndipo Wafaransa Bouin na Ancel waseme kuwa seli hizo ndizo zinazotoa kile kitu, ambacho sasa tunakiita testosteroni. Ndevu, sauti nzito, misuli na hamu vinatoka huko.

Mbegu hazitengenezwi hapo. Zinatengenezwa ndani ya vijirija, na mwaka 1865 kijana wa Kiitalia, Enrico Sertoli, ana miaka 23, alieleza seli ndefu zenye matawi zilizosimama ukutani mwa vijirija hivyo. Ni kama mayaya. Mbegu changa hukumbatiwa humo, hulishwa, na hufichwa zisikutane na askari wa damu, maana mwili ungezishambulia kama wageni. Kutoka seli ya mwanzo mpaka mbegu yenye mkia ni siku kama 64 hadi 74. Kisha inapita epididimisi, mrija wenye urefu wa mita kama sita uliokunjwa nyuma ya korodani, ambamo inajifunza kuogelea. Majimaji mengi yanayotoka huongezwa njiani na vifuko vya shahawa na tezi dume.

Kwa hiyo karakana ni mbili ndani ya jengo moja. Ya Leydig inaweza kufanya kazi sawasawa huku ya Sertoli imefungwa. Matubwitubwi yaliyompata kijana aliyekwisha balehe yanaweza kuiua. Kisonono kisichotibiwa kinaweza kuacha kovu likaziba epididimisi, na mwenye ndevu zake, hamu yake na majimaji yake akawa hana mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua. Na takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume anahusika, peke yake au pamoja na mkewe.

Darubini yenyewe si ngeni kwetu. Miaka ya 1950 watafiti wa malaria kutoka Amani walifanya kazi Upare na Taveta, na kati ya 1955 na 1959 nyumba zilipuliziwa dieldrini huku damu za watu zikipimwa. Bibi zetu walitobolewa vidole, na watoto wao. Tangu hapo wazee wangu wamepeleka maabara damu, choo na makohozi bila kinyongo. Chupa moja tu ndiyo hawajawahi kuipeleka.

Kaka nilimtumia maelezo haya kwa simu, bila majogoo. Hakujibu siku nne. Ya tano akaniomba nauli ya Moshi na nikamwahidi mdomo wangu umefungwa, kwa hiyo hapa simtaji jina. Kipimo cha kwanza idadi imetoka ndogo, si sifuri. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kiwango cha chini cha kulinganishia kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, na yeye yuko chini ya hapo. Daktari amemwambia arudie baada ya miezi mitatu, maana mbegu alizopima zilianza kutengenezwa akiwa na homa kali.

Shemeji ndiye aliyewapigia wazee. Kikao kimeahirishwa.