Kufungua Kalibu za Sanamu za Wanyama

Kufungua kalibu ni amali ya kuitoa sanamu iliyomiminwa, iwe ya jasi, saruji au udongo, pasipo kuvunja pembe, masikio wala miguu yake. Wanyama wawili wa fahari ya Rwanda waionyesha vema taabu ya kazi hii: gorila, ambaye kiwiliwili chake kinene humstahimilia fundi makosa, na ng'ombe wa inyambo, ambaye pembe zake ndefu ndizo hukatika mwanzo.

Asili

Wafinyanzi mashuhuri wa Rwanda, Watwa, walifinyanga kwa mkono pasipo kalibu, basi hawakuwa na haja ya amali hii.

Kalibu ya vipande

Salama ya sanamu huamuliwa kabla ya kumimina. Fundi hodari hutazama kwanza mahali palipobonyea, kama vile chini ya tumbo na baina ya miguu, akaigawa kalibu vipande kwa kadiri ya mabonyeo hayo, ili kila kipande kitoke kwa njia iliyonyoka; na ndani ya pembe hutia waya. Kisha huipaka kalibu sabuni laini tabaka baada ya tabaka, akiifuta hata ing'ae, maana jasi juu ya jasi isiyopakwa hushikamana kama mfupa uliounga. Jasi ishikapo hupata moto na kutanuka kidogo. Afunguaye ingali na joto huikuta tepetevu, basi na angoje hata ipoe. Hapo kabari za mti, wala si patasi ya chuma, huingizwa taratibu pande zote za maungio, na kipande huvutwa bila ya kupindwa.

Udongo wa maji

Kalibu kavu ya jasi hunyonya maji, udongo ukasinyaa na kujibandua wenyewe. Katika Gisimenti, mtaa wa Remera mjini Kigali, mvua za Machi hadi Mei huichelewesha kalibu kukauka, na kalibu mbichi, ijapokuwa imetengenezwa kwa ustadi, huung'ang'ania udongo.

Kalibu ya mpira

Mgongo wa kalibu hii hupakwa maji ya sabuni ili mpira uteleze juu ya mpira, kisha huvuliwa kwa kugeuzwa ndani nje, kuanzia kwenye kitako. Pembe huwa za mwisho.

Shaba

Imiminwapo kwa njia ya nta iyeyushwayo, kalibu huvunjwa.

Hali ya sasa

Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa gorila iliyoanza 2005, imezidi kumtangaza gorila, na sanamu zake huuzwa kwa wageni mjini Kigali. Anunuaye sanamu ya inyambo na atazame shina la pembe: hapo ndipo ufa uliozibwa huonekana.