Wajibu wa Mpangaji Huanza Siku ya Kukabidhiwa Funguo: Uharibifu Unaoepukika katika Nyumba za Kupanga Mjini Tunduma

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na mpangaji huzuka siku ya kuhama. Kitasa kimevunjika, kioo kina ufa, ukuta umechafuka, na kila upande una maelezo yake. Makala hii inatetea hoja kwamba chanzo cha ugomvi huo ni cha zamani zaidi: ni ile siku mpangaji alipopewa funguo na hakuna aliyeandika nyumba ilikuwa katika hali gani. Mpangaji ana wajibu wa kuitunza nyumba na kufidia uharibifu ambao angeweza kuuepuka. Hata hivyo, wajibu huo hauwezi kudaiwa kwa haki pasipo kumbukumbu ya mwanzo, na sehemu yake kubwa hutimizwa kwa kutoa taarifa mapema kabla hasara haijakua.

Mji wa watu wanaohamahama

Tunduma inalidhihirisha suala hili kuliko miji mingi. Mji huu wa mpakani wa Tanzania, unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ulikuwa na watu chini ya laki moja katika Sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya laki mbili. Katikati ya sensa hizo, mwaka 2016, Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya na makao makuu yakawekwa Vwawa, na Oktoba 2019 kituo cha huduma za pamoja mpakani kikazinduliwa. Wafanyabiashara, mawakala wa forodha, madereva wa malori na watumishi wa umma huja kwa msimu, kwa ajira au kwa uhamisho, kisha huondoka.

Katika mji wa namna hii, chumba hutafutwa kwa dalali, kodi hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa au mwaka, na mara nyingi mkataba wenyewe ni maneno ya mdomo au stakabadhi ya daftari. Jijini Nairobi, mpangaji huweka amana ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na hiyo ndiyo hukatwa panapokuwa na uharibifu. Huku Tunduma, nyumba nyingi za kawaida hazina amana. Mwenye nyumba anayeogopa hasara hudai kodi ya muda mrefu zaidi au humpandishia bei anayefuata. Matokeo yake, mpangaji mwangalifu hulipia uzembe wa mtu asiyewahi kukutana naye.

Sheria inavyogawa mzigo

Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Msingi uliobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo masharti yake huhesabiwa kuwamo ndani ya mkataba hata kama wahusika hawakuyaandika. Kifungu cha 88 kinamtaka mpangishaji ahakikishe nyumba inafaa kuishi binadamu mwanzoni na katika muda wote wa upangaji. Akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni jukumu lake. Kifungu cha 89 kinamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoipokea, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida, majanga ya asili, na ajali zisizotokana na uzembe wake au wa wageni wake.

Mgawanyo huu ni wa busara, lakini unategemea jambo moja: lazima ijulikane nyumba ilipokewa ikiwa katika hali gani. Sheria ya Ushahidi inamtwisha anayedai mzigo wa kuthibitisha. Mwenye nyumba asiye na kumbukumbu atashindwa kuonyesha kwamba kioo kilikuwa kizima. Mpangaji asiye nayo atashindwa kuonyesha kwamba alikikuta kimepasuka. Atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa au aliyeshika godoro la mwenzake mlangoni.

Doa moja, wahusika wawili

Tuchukue mfano wa doa la maji kwenye dari. Mvua za Novemba zinaanza, msumari wa bati umelegea, na doa la ukubwa wa kiganja linatokea kwenye jipsamu. Ikifika Januari bodi imebonyea. Ikifika Machi imeanguka, na maji yameteremka ukutani hadi kwenye soketi. Paa ni la mwenye nyumba, hilo halina ubishi. Lakini aliyekuwa analala chini ya doa ni mpangaji. Aliyetuma ujumbe Novemba na kuuhifadhi kwenye simu hana deni, hata nyumba nzima ikilowa. Aliyenyamaza miezi minne, kwa maoni yangu, anastahili kubeba sehemu ya gharama ya dari, kwa kuwa matengenezo ya msumari mmoja yangeiokoa.

Kipimo hicho, cha kama hasara ingeweza kuepukwa, kinatenganisha mambo mengine pia. Rangi iliyofifia na sakafu iliyosuguliwa na miguu ni uchakavu. Masizi ya jiko la mkaa lililowashwa chumbani wakati wa baridi ya Juni, au soketi iliyoyeyuka kwa kubebeshwa jiko la umeme na pasi kwa pamoja, ni uharibifu unaoepukika.

Pingamizi

Wapo wanaosema, "Nalipa kodi, matengenezo si yangu." Malalamiko yao yana uzito. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununulia umeme, kwanza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha Sh 1,500 kuanzia 2023, na kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme humlipia mwenye nyumba kodi yake. Fedha hiyo inapaswa kuhesabiwa katika pango. Hata hivyo, dhuluma hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuvunja sinki la choo na kuondoka. Wengine husema nyumba nyingi hupangishwa zikiwa mbovu tayari. Ni kweli, na ndiyo sababu mpangaji anaihitaji kumbukumbu kuliko mtu yeyote.

Mapendekezo

Halmashauri ya Mji wa Tunduma iandae fomu ya makabidhiano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ipatikane bure katika ofisi za mitaa. Ioneshe hali ya milango, vitasa, madirisha, dari, mabomba, choo na umeme, iambatane na picha za simu, na isainiwe na pande zote mbili. Dalali asipokee malipo yake kabla fomu haijajazwa. Fidia ihesabiwe kwa kuzingatia umri wa kitu: rangi ya miaka mitano isilipwe kama rangi mpya. Panapotokea mgogoro, Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 limebaki na kazi ya usuluhishi, litakuwa na karatasi ya kusoma badala ya kupima viapo. Mwenye nyumba atapata nyumba yake ikiwa salama, na mpangaji atalipa deni lake tu, bila kubebeshwa la mwingine.