Wosia wa mzazi: je, mtoto mtu mzima anaweza kuupinga?

Wosia ukisomwa baada ya mazishi, mara nyingi ugomvi huanza. Mmoja ameachiwa shamba lote, mwingine ng'ombe wawili, mwingine hakutajwa kabisa. Je, mtoto mwenye mji wake anaweza kwenda mahakamani ili aongezewe? Tunaeleza hapa sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981.

Jibu ni ndiyo, anaweza. Ziko njia mbili, na ni vyema kujua unafuata ipi.

Njia ya kwanza: kudai wosia si halali

Wosia wa maandishi unahitaji saini au alama ya mwenyewe, na mashahidi wasiopungua wawili. Wosia wa mdomo pia unahitaji mashahidi wawili, na mwenye kuutoa awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Wosia uliotokana na ulaghai au shuruti hauna nguvu. Ukidai mzazi hakuwa na akili timamu, ni juu yako kuthibitisha. Uzee peke yake hautoshi.

Wosia wote ukianguka, mali hugawanywa kama vile haukuwepo. Mzazi aliyebaki hutunziwa haki yake kwanza, kisha watoto hugawana sawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Kwa hiyo unaweza kushinda kesi na bado usipate fungu ulilotarajia.

Njia ya pili: kuomba fungu la haki

Hapa huupingi wosia wenyewe. Unaiambia mahakama kwamba mzazi hakukupa kiasi cha kutosha. Sheria inamhesabu mtoto kuwa mtegemezi hata kama mzazi hakuwa akimlisha. Lakini hakimu au jaji ataangalia: mali ni kiasi gani? Una kipato gani? Ulishapewa shamba au zawadi mzazi akiwa hai? Uliishi naye vipi? Wengine wana mahitaji gani? Kutaka zaidi si sababu ya kupewa zaidi.

Usichelewe

Ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku zisizopungua 30 kuweka pingamizi. Hati ya usimamizi huthibitishwa kwa kawaida baada ya miezi sita. Ikishathibitishwa, huwezi tena kuomba fungu kwa njia ya pili.

Wakati huo, asiye na kibali asiguse mali. Kuuza mifugo au kukata shamba vipande ni kosa. Adhabu ni faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kwa Waislamu

Mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu, na Kadhi anaweza kuisikiliza. Wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na haumwongezei mrithi fungu lake bila ridhaa ya warithi wenzake.

Kwa mzazi anayeandika wosia

Ukimpunguzia mtoto, andika sababu, kwa mfano kwamba ulishamkatia shamba lake. Mahakama hutazama sababu hizo. Tena, anayerithi asitiwe kuwa shahidi, wala mume au mke wake, maana anaweza kupoteza alichoachiwa.