Kimya cha Ukumbi na Onyesho la Wasaa

Watu wengi hudhani kwamba kimya ni asili ya ukumbi wa michezo, kama chumvi ilivyo asili ya bahari. Mtu huingia, huketi penye nambari yake, taa huzimwa, na tangu hapo hutakiwa asiseme, asisimame, wala asicheke ila wengine wanapocheka. Lakini desturi hiyo ina umri mdogo sana kuliko tamthilia zenyewe. Ulaya ilitazama michezo kwa karne nyingi kabla kimya hicho hakijazaliwa. Asiyejua kuzaliwa kwake hawezi kufahamu vema jambo lililotokea katika kumbi za New York na London tangu mwaka 2011, wakati taa zilipoanza kuachwa zikiwaka kidogo, na milango kuachwa wazi, kwa ajili ya watazamaji ambao sheria ya kimya iliwafungia nje.

Ukumbi wa Globe uliojengwa London mwaka 1599, ambamo tamthilia nyingi za Shakespeare zilichezwa, ulikuwa wazi katikati bila ya paa. Michezo ilichezwa mchana, jua likiwamulika wachezaji na watazamaji sawasawa. Waliolipa peni moja walisimama uani mbele ya jukwaa. Hata kumbi zilipokwisha ezekwa, mishumaa na baadaye taa za gesi ziliangaza pande zote mbili za pazia, kwani watu wa daraja la juu walikuja kuonana kama walivyokuja kuona. Mwaka 1809 ukumbi wa Covent Garden ulifunguliwa upya baada ya kuteketea kwa moto mwaka uliotangulia, na bei za kuingilia zikapandishwa. Watazamaji walifanya ghasia usiku baada ya usiku kwa muda wa miezi mitatu hivi. Walipiga kengele na pembe, wakacheza juu ya mabao ya kukalia, mpaka John Philip Kemble aliyeuongoza ukumbi akaomba radhi, na bei ya zamani ya mahali pa watu wa kawaida ikarudishwa. Hapana sababu ya kuzitamani ghasia hizo. Lakini zaonyesha kwamba mtazamaji wa zama zile alijihesabu kuwa mmoja wa wenye nyumba, si mgeni aliyekaribishwa kwa sharti la kunyamaza.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kama huo. Mtambaji wa hadithi huanza kwa kuitikiwa. Katika taarabu, msikilizaji aliyechomwa na ubeti huinuka wimbo ungali katikati, akaenda kumtunza mwimbaji, wala hakuna amwonaye kuwa amevunja adabu.

Giza liliingia katika karne ya 19. Richard Wagner alipoufungua ukumbi wake wa Bayreuth mwaka 1876, aliwaficha wapigaji wa muziki chini ya jukwaa na kuwaweka watazamaji gizani, ili jicho lisipate pa kutangatanga. Huko London, Henry Irving, aliyeshika uongozi wa ukumbi wa Lyceum mwaka 1878, ndiye aghalabu anayetajwa kuwa aliizoesha Uingereza desturi ya kupunguza taa za watazamaji mchezo unapoanza. Gustav Mahler, alipokabidhiwa nyumba ya opera ya Vienna mwaka 1897, aliwafungia milango waliochelewa. Kwa hakika sanaa ilipata faida kubwa. Mchezaji aliweza kunong'ona akasikiwa, na mshairi aliweza kutegemea kwamba neno lake litafika. Faida hiyo isibezwe na mtu ye yote. Lakini kila faida ina mlipaji wake, na hesabu ya malipo ya kimya ilichelewa sana kuandikwa.

Waliolipa ni watu ambao milango yao ya fahamu haikuumbwa kwa kipimo cha wengi. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto huko Baltimore, alieleza habari za watoto 11 wenye hali ambayo Kiswahili cha siku hizi huiita usonji. Miongoni mwa aliyoyaona ni hofu kuu iliyowapata baadhi yao kwa sauti za ghafula, hata za vyombo vya kawaida vya nyumbani. Kwa mtu wa namna hiyo taa inayometameta yaweza kuwa kama kofi la uso, na makofi ya watu elfu moja yaweza kumwumiza kweli kweli. Akizidiwa, hujiziba masikio, hutikisika, hutoa sauti, au hutaka kutoka. Yote manne ni makosa katika ukumbi wa Irving. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990, na ile ya Uingereza ya mwaka 1995, zilizokataza kuwabagua wenye ulemavu, zilileta njia za mteremko kwa viti vya magurudumu na nafasi za kuviegesha. Masikio na macho hayakupata mteremko wao upesi hivyo. Walikuwapo waliotangulia, kama kundi la Oily Cart lililoanzishwa London mwaka 1981, ambalo lilipata kuwachezea watoto wenye ulemavu mkubwa hata ndani ya mabwawa ya maji ya uvuguvugu, watoto wachache kwa mara moja. Kumbi kubwa ziliendelea na giza lake.

Tarehe 2 Oktoba 1911 ingalikuwa rahisi kuisadiki kuwa ndiyo ya mageuzi haya, kwa jinsi yalivyo mepesi. Lakini ilikuwa tarehe 2 Oktoba 2011. Siku hiyo shirika la Theatre Development Fund la New York lilinunua viti vyote vya onyesho moja la The Lion King katika ukumbi wa Minskoff, likaviuza kwa bei nafuu kwa jamaa zenye watu wa usonji. Huo ndio mchezo ambao simba wake huitwa Simba na nyani wake huitwa Rafiki, na maneno ya Kiswahili ya kuondoa wasiwasi yameenezwa nao duniani kote. Kwa watoto waliolengwa siku ile, hata hivyo, mchezo wenyewe una mengi ya kutia wasiwasi. Wanyama hupita katikati ya watazamaji tangu wimbo wa kwanza, ngoma hulia kutoka pembeni, na baba mtu hufa katika mkanyagano wa nyumbu.

Mchezo haukuandikwa upya. Sauti kali zilipunguzwa, na taa za kumetameta zilizoelekezwa kwa watazamaji ziliondolewa. Nje ya ukumbi palitengwa mahali pa utulivu, penye watu waliofundishwa kazi hiyo, na watoto walipewa vitu laini vya kufinyangafinyanga mikononi. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kabla ya siku yenyewe. Mwalimu mmoja wa Michigan, Carol Gray, alikuwa amebuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 namna ya hadithi fupi za kumweleza mtoto, kwa maneno wazi, jambo litakalomkuta na watu watakavyofanya. Namna hiyo ilichukuliwa na watu wa tamthilia. Jamaa zilipata mapema maelezo yenye picha: huu ndio mlango, huyu ndiye atakayetazama tikiti, hapa ndipo penye choo, watu watapiga makofi, ukitaka kutoka waweza kutoka na kurudi. Katika maonyesho mengine yaliyofuata, ukumbi hufunguliwa siku kabla ili wageni wapazoee. Pengine wachezaji hutokea kwanza na kusema majina yao, au mtu huinua taa ndogo mbele ya jukwaa kuashiria kwamba kishindo chaja.

Waingereza huliita onyesho la namna hiyo kwa neno lenye maana ya kulegea. Kwa Kiswahili laweza kuitwa onyesho la wasaa, maana linalotolewa ndani yake ni nafasi. Mwaka 2013 kumbi kadhaa za Uingereza zililijaribu, Lyceum ikiwa mojawapo, kwa mchezo ule ule wa Simba. Basi mahali ambapo Irving alizizoesha taa kufifia, ziliachwa zikiwaka. Mwaka huo huo ukumbi wa taifa wa London ulitoa onyesho la wasaa la The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, tamthilia ya Simon Stephens iliyotokana na riwaya ya Mark Haddon. Yamhusu kijana anayeteswa na makelele ya dunia, na ili mtazamaji aonje mateso hayo, jukwaa hupigwa vishindo na mimweko ya taa. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: waliofanana na kijana yule hawakuweza kuistahimili habari yao wenyewe mpaka ilipopunguzwa ukali.

Wapo wanaopinga, nao wasikilizwe. Husemwa kwamba kueleza mapema ni kuua mshangao, na mshangao ni roho ya mchezo. Hoja hii ni dhaifu, kwani Wayunani wa kale walikwenda kutazama mkasa wa Oedipus hali wakiujua mwisho wake. Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba onyesho moja la mchana, katika mwaka mzima wa maonyesho, ni kuwapa watu siku yao ili wasije siku za wengine. Mwaka 2015, huko New York, mtoto mwenye usonji alipaza sauti katika onyesho la kawaida la The King and I, na baadhi ya watazamaji wakamkasirikia mama yake. Mchezaji Kelvin Moon Loh, aliyekuwa jukwaani, aliandika hadharani kumtetea mama huyo, akiuliza huruma ya watu wa tamthilia imekwenda wapi. Swali hilo halijibiwi kwa kutenga Jumapili moja.

Aliyelijibu kwa kazi ni Bibi Jess Thom wa London, mwenye maradhi ya Tourette, ambayo humtoa maneno na kumtikisa bila ya hiari yake. Mwaka 2011 alikwenda kutazama mchezo, na kwa malalamiko ya wengine akaombwa ahamie katika chumba cha mitambo ya sauti. Aliondoka akiwa amevunjika moyo. Mwaka 2014 alipanda jukwaani Edinburgh na mchezo wake mwenyewe, Backstage in Biscuit Land, akisema kwamba kiti pekee ambacho hataombwa kukihama ni kile cha jukwaani. Maonyesho yake yote yalikuwa ya wasaa. Ukumbi wa Battersea Arts Centre, ulioshirikiana naye, ulitangaza Februari 2020 kuifanya njia hiyo kuwa kanuni ya nyumba nzima, si ya siku maalumu. Wiki chache baadaye maradhi ya korona yalizifunga kumbi zote za Uingereza.

Jambo la kutazamwa zaidi ni uteuzi wake wa mwaka 2017. Aliichagua Not I ya Samuel Beckett, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1972, tamthilia yenye giza totoro na kinywa kimoja kilichomulikwa, kikitiririsha maneno bila ya kituo. Haipo tamthilia iliyo mbali zaidi na taa zilizoachwa wazi. Lakini hakuikimbia. Watazamaji waliketi watakavyo, wengine juu ya mito sakafuni, wakaelezwa kwanza kitakachotokea, na mkalimani wa lugha ya ishara akakaa karibu yake. Kisha giza likaingia, kinywa kikaanza, na maneno yale yasiyo ya hiari yake yakachanganyika na ya Beckett. Na aliyetaka kupiga kelele gizani alipiga.