Lenzi ghali za kamera: hitilafu za mitambo yake na namna ya kuzitambua

Lenzi ya kamera yenye bei kubwa hununuliwa kwa ajili ya vioo vyake. Hata hivyo, inapoanza kusumbua, aghalabu si kioo chenye kosa. Kosa huwa katika vile vinavyokishika kioo na kukisogeza: pete, skrubu, hesi, grisi, mota na nyaya. Matangazo ya biashara hayavitaji vitu hivyo, na mnunuzi havioni. Lakini kwa mpiga picha za harusi wa Mombasa au Dar es Salaam, aliyeletewa lenzi na nduguye kutoka Dubai au London kwa akiba ya mwaka mzima, hivyo ndivyo vinavyoamua iwapo lenzi itamlisha au itakaa kabatini.

Unene wa karatasi

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba lenzi ghali huumbuliwa na kasoro ndogo ambayo lenzi ya bei nafuu ingeivumilia. Sababu ni tundu lake la kupitishia mwanga. Lenzi hizo hutengenezwa ziwe na tundu pana, na kadiri tundu linavyopanuka ndivyo nafasi ambamo picha hubaki kali inavyozidi kuwa nyembamba. Katika kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi iliyofunguliwa hadi f/1.4 ina nafasi ya takriban milimita 0.08 tu nyuma yake, yaani chini ya unene wa karatasi ya kawaida. Tundu likibanwa hadi f/8, nafasi hiyo hufikia takriban milimita 0.48. Hivyo kioo kilichoinama kidogo kinaweza kufichika katika picha ya mchana wa jua kali, kikajitokeza usiku ukumbini, wakati mpiga picha anapolihitaji tundu lote alilolilipia.

Kwa sababu hiyo hiyo, umbali kati ya kitako cha lenzi na sensa haukubali mchezo. Kamera za Nikon zenye kitako cha F, kilichoanza mwaka 1959, hutumia milimita 46.5, zile za Canon EF, tangu 1987, milimita 44, na Leica M, tangu 1954, milimita 27.8. Mafundi hurekebisha umbali huo kwa kuweka washa nyembamba mno chini ya kitako.

Enzi ya filamu iliyafunika mengi, kwani filamu yenyewe haikulala bapa kabisa ndani ya kamera. Leica ilipotoa kamera yake ya dijitali ya M8 mwaka 2006, baadhi ya wamiliki waligundua kwamba lenzi walizoziamini kwa miaka mingi zilikuwa zikilenga mbele au nyuma ya mahali palipokusudiwa.

Kioo kilichohama

Hitilafu inayozungumzwa zaidi na wataalamu ni ya kioo kutokaa katika mhimili mmoja na wenzake. Lenzi ya kisasa ya daraja la juu inaweza kuwa na vioo 15 au zaidi, vilivyopangwa kwa makundi. Kimoja kikisogea pembeni au kikiinama, upande mmoja wa picha hufifia ilhali upande wa pili ni mkali. Kuanguka ni sababu mojawapo, lakini si ya pekee: mtikisiko wa safari ndefu huweza kulegeza skrubu ndogo zilizofungwa kiwandani, na kuna lenzi zinazotoka kiwandani zikiwa hivyo.

Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya LensRentals huko Tennessee, Marekani, alipima na kufungua lenzi nyingi za aina moja na kuonyesha kwamba hakuna mbili zinazolingana kabisa, ziwe za bei gani. Swali la mnunuzi, basi, si kama lenzi yake ina upungufu, bali kama upungufu huo unaonekana katika kazi anayoifanya.

Lenzi za zumu ziko hatarini zaidi. Ndani yake makundi kadhaa ya vioo husogea kwa wakati mmoja, kila kundi likifuata mfereji wake uliochongwa katika silinda, likiongozwa na vigurudumu vidogo ambavyo mara nyingi ni vya plastiki ngumu. Vigurudumu vikilika, silinda huanza kucheza. Mwenye lenzi huisikia kwa mkono: akiitikisa sehemu ya mbele, inayumba. Kuyumba kidogo ni kawaida kwa zumu inayorefuka. Kunakoongezeka mwezi hadi mwezi si kawaida.

Dalili nyingine ni silinda kuteremka yenyewe kamera inapoelekezwa chini. Hilo hukera, lakini peke yake haliharibu picha. Canon EF 100-400mm ya mwaka 1998, ambayo huvutwa na kusukumwa kama pampu ya baiskeli, iliwekewa pete ya kukaza kwa ajili hiyo. Toleo la pili la mwaka 2014 liliacha mtindo huo na kutumia pete ya kuzungusha.

Mafuta, mota na nyaya

Grisi inayolainisha hesi ya kulengea haidumu milele. Katika joto hutengana, na mafuta yake hutambaa hadi kwenye vibapa vinavyofungua na kufunga tundu. Vibapa vikishikana huchelewa kufunga, na picha hutoka nyeupe kupita kiasi. Lenzi ya Micro-Nikkor 55mm f/2.8, inayosifiwa hadi leo kwa picha za vitu vya karibu, inajulikana mno kwa ugonjwa huu. Kabla ya kuinunua lenzi yoyote kuukuu yenye pete ya tundu, izungushe pete hiyo na uvitazame vibapa kwa tochi: vinapaswa kuwa vikavu.

Lenzi mpya zaidi zina udhaifu wa umeme. Katika Canon EF 24-105mm f/4L ya mwaka 2005, utepe wa waya unaopeleka amri kwenye tundu hujikunja kila zumu inapozungushwa, na baada ya miaka ya kazi umekatika katika lenzi nyingi. Kamera huonyesha ujumbe wa kosa pindi tundu linapotakiwa kubanwa. Tundu likiachwa wazi kabisa, lenzi huendelea kufanya kazi kana kwamba haina neno, jambo ambalo wauzaji wasio waaminifu wanalifahamu.

Mota ya kulengea ni jambo zito zaidi. Canon EF 200mm f/1.8L, iliyotolewa mwaka 1988, ni miongoni mwa lenzi zilizotamaniwa sana na wapiga picha za michezo. Pete yake ya kulengea kwa mkono haikuunganishwa na vioo. Huituma mota tu. Mota ikifa, hata mkono hauwezi kuisogeza. Canon ilikwisha acha kuihudumia na vipuri vyake havitengenezwi tena, kwa hiyo kinachobaki ni kilo tatu za chuma na kioo kizuri. Lenzi nyingi za kamera za leo zisizo na kioo cha ndani hulenga kwa njia hiyo hiyo, na anayekusudia kuitumia lenzi yake kwa miaka 20 afaa kulijua hilo mapema.

Si kila sauti ni ugonjwa. Kifaa cha kutuliza mtikisiko, na pia makundi ya vioo yanayosukumwa na mota za sumaku, huachwa huru kamera inapozimwa. Lenzi hiyo ikitikiswa hugonga ndani, na kuna watu wamerudisha dukani lenzi nzima kwa sababu ya mgongo huo.

Joto, vumbi na kuvu

Chuma hutanuka kwa joto, na baadhi ya vioo pia. Canon hupaka rangi nyeupe lenzi zake kubwa za masafa marefu ili zirudishe joto la jua. Lenzi kama hizo huruhusu pia pete ya kulengea kupita kidogo alama ya mbali kabisa. Hiyo si kasoro, ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kutanuka.

Vumbi la mbugani likibaki juu ya kioo cha mbele halina athari kubwa. Likiingia kwenye grisi ya hesi hugeuka kama msasa. Mipira ya kuzuia vumbi na maji husaidia, ila haizuii yote, na lenzi kadhaa, Canon 17-40mm f/4L ikiwamo, hazijazibika kikamilifu mpaka ziwekewe kichujio mbele.

Kwenye mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Zanzibar, adui mkubwa ni kuvu. Unyevu hewani ukidumu juu ya asilimia 60 au 70, kuvu huota juu ya kioo na kuacha alama zisizofutika kwenye utando wake. Mkoba wa ngozi uliofungwa ndio makao anayoyapenda. Sanduku lenye silika jeli na kipimo cha unyevu, likiwekwa kati ya asilimia 40 na 50, linatosha. Kwa walioko Muscat au Dubai, kamera itolewe kwenye chumba chenye kiyoyozi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mpaka ipate joto la nje. Vinginevyo umande hutua juu ya vioo.

Kuipima kabla ya muda kwisha

Weka kamera juu ya tripodi, fungua tundu lote, kisha piga picha ya majengo ya mbali au ukuta wa matofali ulio sambamba na sensa. Linganisha pembe nne kwenye skrini kubwa. Kwa zumu, rudia mwanzoni, katikati na mwishoni. Upande mmoja ukififia, pindua kamera juu chini na upige tena kitu hicho hicho. Udhaifu ukibaki upande ule ule wa kamera, kosa liko kwenye vifaa. Ukibaki upande ule ule wa ukuta, kamera haikuwekwa sawa. Jaribu pia lenzi ya pili, na uondoe adapta ya bei nafuu ikiwapo, kwani adapta iliyoinama huleta dalili zile zile.

Lenzi iliyohama mhimili isifunguliwe na fundi asiye na chombo cha kupimia. Kuifungua ni rahisi. Kurudisha kila kundi mahali pake kunahitaji mashine. Waranti nayo mara nyingi huishia katika nchi au kanda ilikouzwa, hivyo anayemtumia ndugu lenzi nyumbani aipime yeye mwenyewe huko huko aliko, siku za kurudisha bidhaa zikiwa bado hazijapita, na aihifadhi risiti.