Altaf Hussain Hali na Mizani ya Kuazima

Katika Kiswahili neno mizani lina maana mbili zinazomhusu mwanafunzi wa fasihi. Mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo. Mizani pia ni chombo cha kupimia uzito. Mhadhara huu unamhusu mtu aliyeshughulika na mizani zote mbili: Altaf Hussain Hali (1837–1914), mshairi ambaye pia huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa uhakiki wa kisasa wa Kiurdu. Hoja yangu ni kwamba Hali aliuhukumu ushairi uliomlea kwa mizani aliyoiazima kwa mshindi, na kwamba hukumu hiyo, pamoja na faida zake, ilikuwa na gharama.

Hali alizaliwa Panipat, kaskazini ya Delhi. Akiwa na umri wa miaka 17, baada ya jamaa zake kumwoza, aliondoka kwa siri kwenda Delhi kutafuta elimu. Huko alimwendea Mirza Ghalib, gwiji wa ushairi wa zama zile, akimwomba amfafanulie beti zake ngumu. Ghalib hakuwa mtu wa kumhimiza kila ajaye atunge mashairi. Lakini kijana huyu alimwambia kwamba asipotunga ataidhulumu nafsi yake.

Ulimwengu huo ulibomoka baada ya 1857. Uasi dhidi ya Waingereza ulishindwa, Delhi ikatekwa, na mfalme wa mwisho wa Kimughali, Bahadur Shah Zafar, naye mshairi, akahamishiwa Rangoon, alikofia mwaka 1862. Ghalib alifariki mwaka 1869. Baadaye Hali alipata kazi Lahore ya kusahihisha Kiurdu cha vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Lugha ya Kiingereza hakuimudu. Fikra za Wazungu zilimfikia kupitia tafsiri hizo.

Mwaka 1874, mjini humo, Hali alishiriki pamoja na Muhammad Husain Azad katika mikutano ya washairi ya Anjuman-e-Punjab, iliyoungwa mkono na idara ya elimu ya serikali ya kikoloni. Kwa desturi, katika mushaira washairi walipewa mshororo mmoja wa kuufuata kwa mizani na vina. Sasa walipewa mada: majira ya mvua, kwa mfano, au mapenzi ya nchi. Mwaka 1879 Hali alitoa utungo wake mashuhuri, Musaddas, ambao jina lake kamili linataja kujaa na kupwa kwa Uislamu. Msikilizaji wa Kiswahili atalitambua umbo lake, kwani musaddas na tasdisa ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu: ni ubeti wa mishororo sita.

Mwaka 1893 ulichapishwa Muqaddama-e-Sher-o-Shairi, utangulizi wa diwani yake mwenyewe, ambao umaarufu wake uliipita diwani hiyo. Humo anadai kwamba ushairi na jamii huathiriana, na kwamba mabaraza ya wafalme yaliwageuza washairi kuwa wasifiaji wa kulipwa. Anailaumu ghazali kwa kurudiarudia mapenzi yasiyo ya kweli. Anasema pia kwamba mizani na kina hupamba shairi lakini si kiini chake.

Kutoka kwa Milton anachukua sifa tatu za shairi bora. Milton, katika maandishi yake ya mwaka 1644 kuhusu elimu, alitaja usahili, mvuto kwa hisi za mwili, na jazba. Katika Kiurdu cha Hali sifa ya pili ikawa asliyat, yaani kusimama juu ya jambo la kweli. Tofauti hii si ndogo. Mhakiki anayeidai ghazali ukweli wa namna hiyo humuuliza mshairi kama kweli alimwona huyo mpenzi. Ghazali haikuwahi kutoa ahadi hiyo. Ustadi wake ulikuwa kuigeuza taswira inayojulikana na wote hata ionekane mpya. Kuipima kwa kipimo cha ushahidi ni kupima kitambaa kwa kibaba.

Hata hivyo, tusimhukumu Hali kwa haraka. Aliona taifa lililoshindwa, akatafuta sababu mahali alipopajua vyema. Tena hakuukana urithi wake wote. Mwaka 1897 alitoa Yadgar-e-Ghalib, wasifu wa mwalimu wake, ambamo aliwafafanulia wasomaji beti za Ghalib kwa elimu ileile ya kale. Mhakiki aliyeishitaki ghazali ndiye aliyewaachia vizazi vilivyofuata ufunguo wa mtunzi wake mgumu kuliko wote.

Sisi nasi tumekuwa na mgogoro wetu. K. Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Kichomi cha E. Kezilahabi kikatoka mwaka 1974. Na wanazuoni wakabishana iwapo utungo usio na vina na mizani ni shairi. Sitarajii Hali atuamulie, kwani yeye mwenyewe, baada ya kusema kwamba kina si kiini cha ushairi, hakuacha kutunga kwa vina. Anachotufunza ni tahadhari. Kabla ya kuutia utungo katika mizani, mpya au kongwe, mhakiki aulize mizani hiyo ilitengenezwa na nani, na ilikusudiwa kupima nini.